Kufundisha mabadiliko ya tabianchi shuleni: masomo yote, somo moja, mradi au klabu?

Walimu wakikaa kugawana vipindi mwanzoni mwa mwaka, mabadiliko ya tabianchi ni mada ambayo kila mtu anakubali ifundishwe na hakuna anayeomba apewe. Ukiuliza ni nani ataingia nayo darasani Jumatatu, macho yote yanamgeukia mwalimu wa Jiografia.

Kisera, mjadala wa tufundishe au tusifundishe ulishafungwa. Makubaliano ya Paris ya 2015 yana kifungu kizima, cha 12, kinachozitaka nchi zishirikiane kukuza elimu na uelewa wa umma kuhusu tabianchi. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inaiagiza Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iingize mada hii katika masomo mbalimbali ya ngazi zote. Tanzania nayo, kwenye mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, imeliweka neno mazingira kwenye jina la somo lenyewe: watoto wa shule za msingi sasa wanasoma Jiografia na Mazingira. Kilichobaki ni kazi ya shule: nani afundishe, kwenye kipindi kipi, na tutajuaje kama wanafunzi wameelewa.

Na wanafunzi wenyewe hawahitaji kushawishiwa. Mtoto wa Kaskazini mwa Kenya ameishi misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokatika kati ya 2020 na 2022. Wa Rufiji aliona mashamba yakilala chini ya maji Aprili 2024. Wanachohitaji ni maelezo sahihi, yanayotofautisha mvua za El Niño na mwelekeo wa miaka mingi, na yanayowapa la kufanya.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: kuisambaza mada kwenye masomo yote, kuikabidhi kwa somo moja au mawili, kuunda mradi wa pamoja wa masomo machache, na klabu ya mazingira. Zote nimezipitisha kwenye vigezo vilevile.

## Vigezo

Muda. Ratiba imejaa. Njia inayotaka kipindi kipya lazima iseme kipindi hicho kinakatwa wapi.

Walimu. Wanahitajika wangapi, na kila mmoja ajue nini kabla hajashika chaki.

Usahihi na kina. Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, kwa sababu ndicho kinachosahaulika. Makosa yanayofundishwa kwa nia njema ni mengi. Tundu la ozoni linachanganywa na ongezeko la joto duniani, ingawa ni matatizo mawili yenye visababishi tofauti. Mvua kubwa ya wiki moja inaitwa mabadiliko ya tabianchi, ilhali tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka, kwa kawaida 30. Hata barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, huelezwa kana kwamba imeyeyushwa na joto peke yake. Wataalamu walioipima wanaeleza kwamba hewa kavu na upungufu wa theluji mpya vimechangia sana. Mwanafunzi akielezwa hivyo hapotezi imani na sayansi. Anaanza kuona inavyofanya kazi.

Upimaji. Kisichoulizwa kwenye mtihani ndicho cha kwanza kuachwa silabasi inapobana.

Uhai. Aliyeianzisha akihamishwa, inabaki au inaondoka naye?

## Njia ya kwanza: kuisambaza kwenye masomo yote

Hapa hakuna somo jipya. Kila mwalimu anachukua mada ambayo tayari imo kwenye muhtasari wake na kuifundisha kwa mfano wa tabianchi. New Jersey lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuagiza hivyo kwa shule zake za umma: viwango vilipitishwa 2020 na kuanza kutumika Septemba 2022, vikigusa hata sanaa, lugha za kigeni na elimu ya michezo.

Nguvu ya njia hii iko kwenye mifano ambayo ni kazi halisi ya somo. Chukua logi kwenye Hisabati. Maji ya juu ya bahari duniani yameshuka kutoka pH (kipimo cha asidi kinachohesabiwa kwa logi) ya karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Mwanafunzi anaona tofauti ya 0.1 na kuipuuza. Mwambie atafute 10 kwa kipeo cha 0.1. Atapata 1.26, yaani ioni za haidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Amejifunza logi, na amejifunza kwa nini matumbawe yana shida, ndani ya dakika zilezile.

Kwenye Kemia, kilo moja ya kaboni ikiungua yote inatoa kilo 3.67 za kaboni dayoksaidi, kwa sababu ya uwiano wa 44 kwa 12. Darasa lolote lililozoea gunia la mkaa litauliza lenyewe: uzito wa ziada umetoka wapi? Umetoka kwenye oksijeni ya hewani, na hapo mole zinapata maana. Fizikia inaeleza kwamba hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi huweza kubeba mvuke mwingi zaidi kwa takribani asilimia 7, na hilo peke yake linafafanua kwa nini mvua zinashuka kwa kishindo na kwa nini ardhi inakauka upesi katikati ya mvua moja na nyingine.

Baiolojia ya Zanzibar ina mwani. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, aina inayolipa zaidi hudhoofika na kufa, na wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, wamelazimika kufikiria kuhamia kwenye kina kirefu, ambako kunahitaji chombo na kujua kuogelea. Swali hilo likitoka kwenye maabara linaingia moja kwa moja kwenye kipindi cha Biashara. Uraia na Historia zinabeba suala la haki: Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 hivi ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka, lakini ukame na mafuriko haviulizi nani alichafua. Kiswahili nacho kina kazi ambayo hakuna somo lingine linaiweza: barua rasmi kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro ulioziba, mahojiano na wazee kuhusu masika na vuli za zamani, mdahalo. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, kipindi cha Kiswahili ndipo mwanafunzi anapopata maneno ya kumweleza bibi yake nyumbani.

Muda. Haiongezi kipindi hata kimoja. Inaongeza saa za kuandaa.

Walimu. Wote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwalimu wa Hisabati anahitaji mfano uliokwisha kupikwa, wenye takwimu sahihi na mahali unapoingia kwenye azimio la kazi. Kumwambia tu aingize tabianchi ni kumwachia mzigo bila kamba.

Usahihi na kina. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni makosa niliyoyataja, yakizidishwa kwa idadi ya walimu. Ya pili ni mfano wa kulazimisha. Swali la miti 20 iliyopandwa na 8 iliyokufa halifundishi tabianchi, linafundisha kutoa. Tena mwanafunzi anaweza kusikia neno hilo kwenye masomo sita bila somo lolote kumweleza gesijoto, yaani hewa zinazonasa joto angani, hufanyaje kazi.

Upimaji. Dhaifu, isipokuwa shule iamue. Italia ina funzo zuri hapa. Sheria yake namba 92 ya 2019 iliagiza saa zisizopungua 33 kwa mwaka za elimu ya uraia, na maendeleo endelevu ni nguzo mojawapo. Saa hizo zinatoka kwenye ratiba iliyopo na zinafundishwa na walimu mbalimbali, lakini kila darasa lina mwalimu mratibu, na mwanafunzi anapewa alama. Mratibu na alama ndivyo vinavyozuia mada isiyeyuke kati ya masomo.

Uhai. Ikishaandikwa kwenye maazimio ya kazi ya kila idara, inadumu kuliko zote. Ikibaki kwenye kumbukumbu za kikao, haimalizi muhula.

Inafaa shule yenye idara zinazokutana kweli, na mwalimu wa taaluma anayekagua maandalio ya somo kwa jicho la kusaidia.

## Njia ya pili: kuikabidhi kwa somo mama

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi bila hata kutangazwa: Jiografia inabeba, Baiolojia au Sayansi inasaidia, na mengine yanaendelea na yake.

Muda. Tayari umo. Mada ipo kwenye muhtasari na ina vipindi vyake.

Walimu. Mmoja au wawili. Shule yenye fedha ya kumpeleka mtu mmoja tu kwenye mafunzo inajua nani aende.

Usahihi na kina. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Mwalimu mmoja anaweza kujenga hoja hatua kwa hatua: mionzi ya jua, gesijoto, vipimo vya hewa vya Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanza 1958, kupanda kwa kaboni dayoksaidi kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, kisha joto la dunia lililokwisha kupanda kwa takribani nyuzi 1.1 kwenye muongo wa 2011 hadi 2020 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19. Mtiririko huo ukikatwa vipande na kugawiwa walimu watano ni rahisi kupotea.

Udhaifu wake ni kwamba somo hugeuka orodha. Taja athari tano za mabadiliko ya tabianchi. Mwanafunzi anazitaja, anapata alama zake tano, na hajawahi kuulizwa ni ipi kati ya hizo tano inaonekana kwao na anajuaje.

Upimaji. Imara. Inaulizwa kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo inafundishwa.

Uhai. Silabasi haihamishwi. Mwalimu akiondoka, anayekuja anaikuta.

Kasoro moja inanisumbua zaidi ya hiyo ya orodha. Mwanafunzi akifika kidato cha tano na kuchukua tahasusi isiyo na Jiografia, mada inaishia hapo. Wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), ambaye kesho atakuwa mhandisi anayeamua upana wa kalavati na kimo cha daraja, anaweza kumaliza shule bila kuulizwa tena mvua za miaka ijayo zitafananaje na za zamani. Wa biashara, atakayepitisha mikopo ya kilimo benki, vilevile. Kenya nako, mfumo wa kuchagua mikondo katika sekondari ya juu una matokeo hayohayo kwa wasiochukua masomo husika.

Inafaa shule yenye walimu wachache, madarasa makubwa, na mwalimu wa Jiografia aliyeiva. Inafaa pia madarasa ya mtihani, ambako kuanzisha jambo jipya kunaweza kuwaumiza wanafunzi.

## Njia ya tatu: mradi wa pamoja

Walimu watatu au wanne wanachagua swali moja la hapo walipo na kulishughulikia kwa wiki kadhaa, kila mmoja kupitia somo lake. Mradi ukipangwa vizuri, mwanafunzi haoni mpaka kati ya somo na somo.

Mfano rahisi kuliko yote ni mvua. Chupa ya maji ya lita 1.5 yenye pande zilizonyooka inakatwa pale inapoanza kubana. Kipande cha juu kinageuzwa kichwa chini kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo wanafunzi wanatia kokoto, wanamimina maji mpaka yazifunike, wanachora mstari, na mstari huo ndio sifuri. Rula inabandikwa kuanzia hapo. Chupa inafukiwa kidogo mahali pa wazi, mbali na mti na paa, inasomwa saa tatu asubuhi kila siku, kisha maji ya ziada yanamwagwa hadi kwenye mstari. Gharama yake ni gundi.

Kutoka hapo kazi inaongezeka yenyewe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaliangushia lita 1,600. Tangi la lita 5,000 linajazwa na mvua ya milimita 32 hivi, ukiacha kinachomwagika pembeni. Hisabati wanachora grafu. Jiografia wanalinganisha na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Biashara wanapiga bei ya mifereji. Kiswahili wanaandika ripoti ya kupeleka bodi ya shule.

Mfano wa pili uko jikoni, hasa kwa shule za bweni. Serikali ya Tanzania imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi wafikiwe ifikapo 2034. Wanafunzi wanapima kuni za wiki moja kwa mizani, wanauliza bei, wanalinganisha na gesi au jiko banifu. Zungumza kwanza na mpishi na mhasibu. Mradi huu unagusa kazi ya mtu na bajeti ya shule, na watu hao wawili wakishirikishwa mapema huwa walimu wazuri kuliko kitabu.

Kwa shule za pwani, Gazi huko Kwale, Kenya, ipo karibu. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa hewa ukaa iliyozuiwa, za takribani tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yameingia kwenye maji na shule za vijiji vya hapo. Ndani ya mfano huo mmoja mna Baiolojia ya mizizi inayopumua, Hisabati ya tani na bei, na Uraia wa nani anaamua pesa ziende wapi.

Muda. Inakula. Kuna vipindi vitakavyopotea, na mwalimu wa darasa jirani atalalamika. Wiki nne hadi sita zinatosha. Ukipitiliza, silabasi inaanza kudai.

Walimu. Wachache, lakini wanaoelewana. Walimu watatu wanaopenda kufanya kazi pamoja wanafika mbali kuliko kumi walioteuliwa.

Usahihi na kina. Kina kikubwa, upana mdogo. Mwanafunzi anaijua mvua ya kwao vilivyo, lakini anaweza asijue lolote kuhusu barafu za ncha za dunia. Na lazima aambiwe wazi kwamba kipimo cha muhula mmoja ni hali ya hewa. Ndipo daftari la mvua linapokuwa na thamani: likitunzwa ofisini na kurithiwa darasa hadi darasa, baada ya miaka shule itakuwa na kitu cha kulinganisha.

Upimaji. Inapimika kwa ripoti, maelezo mbele ya darasa na kazi ya mkono. Mtaala wa umilisi wa Kenya unaipa kazi ya namna hii nafasi kwenye tathmini. Kwenye mfumo unaoegemea mtihani wa mwisho, shule itabidi itoe alama za ndani.

Uhai. Wa kati. Vifaa na daftari hubaki, hamasa huhitaji mtu.

Inafaa madarasa yasiyo na mtihani wa taifa mwaka huo, shule za bweni, na shule yoyote yenye tatizo lake lililo wazi, kama mafuriko uwanjani, kisima kinachokauka au gharama za kuni.

## Njia ya nne: klabu ya mazingira

Historia ya klabu katika ukanda wetu ni ya kujivunia. Klabu za wanyamapori za Kenya zilianza 1968. Roots & Shoots, ambayo leo ipo nchi nyingi duniani, ilianzishwa na Jane Goodall Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Hakuna mtaala ulioziagiza.

Muda. Hauingilii masomo kabisa. Ni alasiri au Jumamosi.

Walimu. Mlezi mmoja mwenye moyo.

Usahihi na kina. Inategemea mlezi. Klabu nyingi huishia kwenye usafi na kupanda miti, na miti hiyo hufa kiangazi cha kwanza kwa sababu ilipangiwa siku ya kupandwa na haikupangiwa wa kuimwagilia. Klabu iliyopewa kazi ya kutunza kumbukumbu, kualika maofisa ugani na kuendesha midahalo hufika mbali.

Upimaji. Hakuna, na kwa baadhi ya watoto hilo ni heri. Wapo wanaong'aa pasipokuwa na alama.

Uhai. Mlezi akihamishwa, mara nyingi klabu inalala.

Kasoro kubwa ni kwamba inawafikia waliokwisha kuvutiwa. Darasa lenye wanafunzi 60 linaweza kutoa wanachama wanane.

Inafaa mwalimu aliye peke yake ambaye uongozi haujamwunga mkono bado, na shule inayotaka kulea viongozi vijana huku ikijiandaa kwa jambo kubwa zaidi.

## Tahadhari inayohusu zote nne

Mtoto asitoke darasani akidhani kosa ni lake. Mtoto ambaye nyumbani kwao hawana gari wala umeme hana cha kutubu. Mfundishe visababishi kwa uwiano wake halisi duniani, kisha tumia muda mwingi zaidi kwenye kuhimili: mbegu zinazokomaa mapema, kuvuna maji, kujenga mbali na mkondo, kusikiliza tahadhari za hali ya hewa. Uendelevu kwake ni stadi za kuishi vizuri, na ana haki ya kuzipata.

## Uchague nini, kwa hali yako

Shule ya msingi ambamo mwalimu mmoja hufundisha masomo kadhaa kwenye darasa lilelile ina bahati ambayo wengi hawaioni. Kusambaza mada kwake ni rahisi, maana mratibu ni yeye mwenyewe. Anzia kwenye Jiografia na Mazingira, kisha beba mfano uleule kwenye Hisabati na Kiswahili vya wiki hiyo.

Sekondari ya kata yenye mwalimu mmoja wa Jiografia na madarasa yaliyofurika isijitwishe masomo yote. Ishike somo mama, ilifundishe kwa usahihi, na iongeze jambo moja tu: daftari la mvua linaloshikwa na kidato cha pili au cha tatu.

Shule kubwa yenye idara kamili inaweza kusambaza, lakini ianze na masomo matatu. Napendekeza Hisabati, Kemia na Kiswahili, yaungane na Jiografia inayoibeba mada tayari, kwa sababu mifano yake haihitaji vifaa. Mwaka wa pili waingie wengine, wakiwa wameona inavyofanyika.

Shule ya bweni ianze jikoni. Shule ya pwani ianze na mikoko, mwani au ukuta wa bahari ulio karibu. Wafugaji wa Kajiado, Longido au Simanjiro wana malisho na maji, na wazazi wao wanajua misimu kuliko sisi walimu, kwa hiyo mradi unaowaleta wazee darasani utafaa kuliko mfano wowote wa kitabuni.

Mahali palipopata maafa panahitaji upole. Katesh, kwenye maporomoko ya Hanang ya Desemba 3, 2023, na Mai Mahiu, kwenye mafuriko ya Aprili 2024, watu walipoteza ndugu. Mwalimu wa huko asianze na picha za tope. Aanze na maandalizi: ramani ya njia salama, ishara za hatari, nani apigiwe simu. Visababishi vifuate baadaye, kwa uangalifu, bila kudai kwamba mvua ile ni kazi ya mabadiliko ya tabianchi pekee. Hapa somo mama na mwalimu wa ushauri nasaha wafanye kazi pamoja, na mradi usubiri watoto watulie.

Zikivutia njia mbili, zinaweza kukaa pamoja: somo mama kwa kina, mradi mmoja kwa mwaka kwa vitendo. Ninachosisitiza ni kwamba, vyovyote mtakavyochagua, kikao kisifungwe kabla ya kuandika mambo manne kwenye karatasi moja: jina la mratibu, mada za masomo zitakazobeba mfano, wiki zitakazotumika, na swali moja litakaloingia kwenye mtihani wa ndani wa muhula huo. Karatasi hiyo mwalimu wa taaluma aibandike karibu na ratiba kuu, na nakala iwekwe kwenye faili la kila idara kwa ajili ya mwalimu atakayehamia mwakani.